Wakili wa Kila Mwezi

Pale yadi yetu ya malori, City Deep, Johannesburg, ubishi mkubwa haukuwa mpira wala siasa. Ulikuwa wakili. Kampuni moja ilimtuma kijana wa mauzo, viatu vimechongoka mbele, akatukuta tunasubiri kupakiwa makontena. Akatueleza kwamba ukilipa kidogo kila mwezi, siku askari wa barabarani akikuandikia faini huhangaiki. Unapiga simu, wakili anasimama badala yako. Mimi nilijiunga papo hapo, na wenzangu walinicheka mpaka wakashika mbavu.

Rafiki yangu mmoja, Mkongo wa Lubumbashi, ndiye aliyenishikia bango. "Papa, weye unalipa muntu kila mwezi, anangojea tu bakukamate?" akaniuliza mbele za watu. "Miye bakinikamata, nalipa, naenda." Nikamjia juu. Nikamwambia faini zikirundikana leseni inakwama, na dereva asiye na leseni ni abiria tu. Maneno matamu, wala hayakuwa yangu. Niliyadaka kwa yule kijana wa viatu. Sababu yangu ya kweli sikumwambia, na sikumwambia mtu mwingine yeyote.

Sababu yenyewe ilikuwa mkojo.

Haya, nimeshasema. Hata sasa ninapoandika nimegeuka kutazama mlango. Kwa muda mrefu nilikuwa siwezi kwenda Durban kama wanaume wenzangu. Unabanwa ghafla, unasimamisha lori, unashuka mbio, halafu linatoka tone. Unarudi kwenye usukani, hata gia hazijakaa sawa, umebanwa tena. Vituo vya mafuta vipo, lakini lori lenye trela huliingizi popote unapotaka, na mkojo hausubiri. Basi nilikuwa nasimama pembeni, ndani ya mstari wa njano, mahali ambapo haturuhusiwi kusimama ila gari likiharibika. Faini zikawa zinakuja. Nampigia wakili, wakili anazifuta au anazipunguza, na bosi haulizi kwa nini mzee huyu anasimamasimama. Wenzangu waliojiunga baadaye walikuwa wanalipia faini. Mimi nilikuwa nalipia nisiulizwe.

Utasema, si ungeenda hospitali? Niende nikaseme nini? Kibali chetu cha kuendesha malori kinataka sahihi ya daktari, na niliogopa kwamba nikimfungulia mdomo daktari huyo, kalamu ataiweka mfukoni. Hiyo ni nusu ya sababu. Nusu ya pili ni haya tupu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa kwamba mambo ya chini ya kitovu mwanamume humwambia mkewe, na mke ndiye huyafikisha kwa wengine yakibidi. Mke wangu alikuwa amekwenda nyumbani kumuuguza mama yake. Huku mtaani Mayfair tulibaki mimi na binti yetu, aliyezaliwa hapa hapa, anayefanya kazi benki kule Sandton. Nimwambie yeye? Astaghfirullahi.

Mchana mmoja, nimeshaipita Heidelberg kwenye njia ya Durban, nilibanwa vibaya. Nikasimama pembeni, nikachukua kidumu changu cha maji, nikashuka upande wa majani na kuchuchumaa kati ya magurudumu na tangi la dizeli. Sisi tulivyofunzwa, mwanamume hakojoi wima. Anachuchumaa, na akimaliza anajisafisha kwa maji. Kidumu changu kilikuwa cha njano, kile kile ambacho watu wote hubebea mafuta. Wallahi, miaka yote ile sikuwahi kujiuliza mtu akiniona kwa mbali atadhani nafanya nini. Mara nikasikia mlango wa gari unafungwa. Nikanyanyuka mbio, kifungo cha suruali bado, kidumu mkononi, nikakutana uso kwa uso na askari wa barabarani. Mwanamke. Tena rika la binti yangu.

"Baba, unafanya nini hapo?" akaniuliza kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa.

Kiingereza changu ni cha barabarani. Nakisikia karibu chote, ila kinywani kinatoka vipandevipande. Hata hivyo hapa neno moja lingetosha, na neno hilo nalijua. Badala yake nikasema, "Maji. Rejeta."

Akatazama mbele kabisa ya lori, rejeta iliko. Akatazama tangi la dizeli, nilikotoka kuchuchumaa. Akatazama kidumu. "Eish, baba," akasema, akatoa kitabu chake na kuandika. Mimi nikamshukuru Mungu kwamba hakusogea zaidi akaiona ardhi imelowa. Mjinga mimi, nikapanda lori nimefarijika.

Niliporudi Johannesburg tulimpigia wakili. Kwa simu za namna hiyo binti yangu ndiye alikuwa mdomo wangu, kwa sababu wanarekodi, na niliogopa vipande vyangu visije vikanifunga. Akaweka simu mezani, sauti wazi, akasoma ile karatasi: lori limesimama bila sababu, dereva amekutwa amechuchumaa penye tangi la mafuta akiwa na kidumu, maelezo yake hayaeleweki. Wakili akauliza swali lake. Binti akanigeukia na Kiswahili chake kinachochechemea.

"Baba, anauliza, pale kwa tangi ulikuwa unafanya nini?"

"Mwambie natia maji kwenye rejeta."

"Rejeta si iko mbele?"

"Wewe mwambie!"

Akamwambia. Nilikuwa nimemfokea kwa kosa la kujua rejeta iko wapi. Wakili akasema haidhuru, askari amekosea kuandika mahali penyewe, hilo linatosha kuiua faini, na mimi nisimweleze mtu lolote. Kweli bwana, hazikupita wiki nyingi ujumbe ukaja: imefutwa. Siku hiyo nilitembea yadi nzima na simu mkononi. Nikamtafuta yule Mkongo, nikamwekea kioo puani. "Umeona kazi ya wakili?" Akanipigia saluti, nami nikaringa.

Kesho yake bosi akaniita.

Lori limesajiliwa kwa kampuni, kwa hiyo nakala ya karatasi ilimfikia na yeye. Faini ilikuwa imekufa, lakini yale maneno ya tangi na kidumu alikuwa nayo mezani. Akanigeuzia kompyuta, nikaona ramani ya safari zangu kama kifaa cha kufuatilia kilichofungwa kwenye lori kilivyozichora, na kila niliposimama pana nukta nyekundu. Barabara nzima ya Durban imeota tetekuwanga. Juu ya hayo lori langu siku hizo lilikuwa linakunywa dizeli kuliko mengine. Madereva wanaouza dizeli ya bosi njiani wapo, wote tunawajua, na ndivyo wanavyofanya: wanasimama pembeni, wanachuchumaa penye tangi, kidumu mkononi. Bosi akasema kutakuwa na kikao. Nikishindwa kueleza zile nukta, nimefukuzwa, na barua itasema nimefukuzwa kwa wizi. Nani angenipa tena lori mjini hapa? Akaongeza kwamba naruhusiwa kuja na mtu wa kunitafsiria.

Tukampigia wakili. Binti akaeleza, akasikiliza, akakata simu. "Baba, anasema hii siyo faini. Hii ni mambo ya kazi. Wewe umelipia faini tu."

Nilimtukana yule wakili. Nikamtukana kijana wa viatu, nikaitukana kampuni yao yote, maneno ya vijiweni Tanga ambayo nashukuru mtoto huyu hakuyaelewa. Lakini mwanasheria wa watu kosa lake nini? Nilimlipa anisaidie kukwepa swali, akanisaidia kila mara, mpaka swali likanikuta peke yangu. Vijana pale yadi huniuliza mpaka leo kama wajiunge. Nawaambia wajiunge, faini za kuonewa zipo na wale jamaa kazi wanaijua. Sijawahi kuwaambia mimi nilijiungia nini.

Siku ya kikao binti aliomba ruhusa kazini, akaja na nguo zake za benki, kiatu kirefu, katikati ya yale matope ya oili. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi moyoni. Nilishaamua nitasema. Ofisi yetu ni kontena lililotobolewa madirisha. Ndani mlikuwa na bosi, karani wake wa kike wa kuandika, na sisi wawili. Bosi akaanza kuonyesha nukta, moja baada ya nyingine. Hapa ulisimamia nini? Na hapa? Na hapa je?

Binti akanitafsiria, kisha akanitazama akingoja jibu. Nikafungua mdomo. Mbele yangu niliona mtoto niliyemfundisha mwenyewe kufunga mlango wa choo, nikaona na karani ameinua kalamu. Nilikuwa natoka jasho mpaka miwani ikateleza.

"Mwambie sikuiba," nikasema. "Wallahi sikuiba."

Basi, hayo tu ndiyo yaliyotoka.

Binti akamgeukia bosi, akaanza kusema, na hakuishia hapo. Akaendelea. Akasema kwa Kiingereza kwamba baba yake ni mgonjwa, na siyo tangu jana. Kwamba asubuhi anamsikia bafuni, amefungulia bomba ili yeye asisikie, na anasikia. Kwamba hawezi kuuzuia mkojo, na ukija hautoki. Kwamba wanaume wa dini yetu huchuchumaa na kujisafisha kwa maji, na maji ndiyo yaliyokuwa ndani ya kidumu. Akamalizia: "Yuko tayari mumwite mwizi kuliko kulisema hili mbele yangu."

Macho ya bosi yakashuka mpaka kwenye suruali yangu, kisha yakapanda upesi darini. Karani akaacha kuandika. Mimi nikaukazia macho ukuta wa kontena, nimekaa kama mtu anayengoja kutafsiriwa. Laiti ningepata pa kuuweka uso wangu.

Bosi alikohoa. Akasema habari ya wizi imekwisha, hakuna barua. Ila lori asingenipa mpaka nionwe na daktari, na daktari atie sahihi. Kwa sasa nitabaki yadini. Binti akanitafsiria hayo yote taratibu, neno kwa neno. Yale aliyoyasema yeye hakuyatafsiri.

Tulitoka, tukasimama nje ya geti kungoja teksi. Malori yalikuwa yanapita, vumbi linaingia kwenye kiatu chake kirefu. Hakunitazama aliponiuliza.

"Baba, umeelewa nilivyomwambia?"

Nikavua miwani, nikaipangusa vumbi. "Kiingereza chenu cha benki kinakwenda mbio, mwanangu," nikasema. "Sikuambulia kitu."

"Sawa, baba."

Akageukia upande wa pili, mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa analia, nami nimesimama kando yake, na hata kumuuliza analilia nini sikuweza, maana nilikuwa sijaelewa.