Mipigo Niliyoijua kwa Majina

Siku ile ya mechi na vijana wa Dumila naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka masikio yananiwaka. Nilikuwa kijana, nimeteremka kutoka Kinole, nauza ndizi na mdalasini pale Mikese. Nyuma ya duka la Mzee Rajabali palikuwa na meza ya pool, na mimi nilikuwa mdadisi kupindukia.

Kilichonivuta ni majina. Meza yetu ilikuwa na desturi yake: kabla hujapiga, unataja mpira mweupe utafanya nini. Ukigonga mwenzake na kusimama palepale, hiyo ni "baki hapo". Ukimfuata mwenzake, ni "msindikize". Ukirudi kinyumenyume kwa mpigaji, ni "rudi nyumbani". Kila dereva aliyeshuka kunywa chai nilimuuliza: na kwenu mnauitaje huu? Huo wa mwisho, madereva wa Dumila waliuita "geuza gari". Yote nikayaandika kwenye daftari. Nani mwingine alikuwa na daftari la pool Mikese nzima? Mimi peke yangu!

Rafiki yangu Kobelo, mkulima wa mboga, majina hayo yalimpiga chenga. Akiulizwa anapiga nini, anajibu, "Mtaona," na watu wanacheka. Basi timu yetu ya kupambana na Dumila ilipobakiza nafasi moja, wakanipa mimi, yeye akawekwa pembeni. Nilijua fika kwamba Kobelo ananizidi. Nikanyamaza, maana ile nafasi niliitaka sana.

Mchezo wa mwisho ukaniangukia mimi. Umebaki mpira mweusi tu, uko mdomoni mwa shimo, na mweupe uko nyuma yake umenyooka. Nikapaka chaki kwa madaha, nikatangaza, "Rudi nyumbani!" Nikapiga. Mweusi ukaingia, na mweupe nao ukaufuata, ukatumbukia humohumo. Na mweupe ukiingia pamoja na mweusi, umeshindwa; tukawa tumefungwa. Wageni walishangilia, na wenzangu hawakutaka hata kunitazama.

Mzee Rajabali akaniita. "Hebu lete daftari." Akalifungua taratibu. "Hapa umeandika jina. Wapi umeandika fimbo inagusa wapi?"

Nikapekua kurasa zote. Hakuna.

"Kuuliza unajua, mwanangu," akasema. "Ila swali unaliacha katikati."

Kesho yake nikamfuata Kobelo, nikamwambia, "Nafasi ilikuwa yako, na nilijua. Nisamehe." Akachukua fimbo.

"Gusa mweupe huku chini," akasema, "halafu usiurudishe mkono upesi." Akapiga. Mpira ukarudi hadi mbele ya kiuno chake. Akageuka. "Haya, huu ndio mnauitaje?"

"Rudi nyumbani."

"Kumbe!" akasema, akacheka. Mimi nusura nilie.

Mwanangu, nyinyi wa leo mna majina mengi kuliko sisi, na napenda kuwasikia mkiyataja mezani. Bado nauliza, na daftari bado ninalo. Uliza jina, lakini usiishie hapo: uliza na mkono unafanyaje, kisha ujaribu mpaka uweze. Na kama unajua yupo anayekuzidi, sema kabla hujaishika fimbo yake. Mungu asikuondolee udadisi wako, na akujalie rafiki wa kukuonyesha pa kugusa, hata baada ya kumkosea.