Matunda Saba Niliyoyaosha

Habari zilinifikia Jumanne kutoka kwa mchuuzi wa machungwa pale sokoni Salama: mzee wangu wa vilima vya juu ya Mukuyuni amezikwa. Hakusema amefariki, alisema amezikwa. Kwa hivyo nimechelewa hata kumtupia udongo. Wengi wenu hamkumjua, kwani hakuwa diwani wala mwenye duka. Alikuwa mkulima aliyetengeneza kaluvu, ile pombe yetu ya asali, na kwa miaka mingi hakuna posa iliyotoka kijijini kwake bila kibuyu chake kutangulia.

Kwa vijana waliozaliwa wakakuta soda, nieleze kidogo. Kinachoichachusha asali ni matunda ya mwatine, yale marefu yanayoning'inia kando ya mito. Hupasuliwa, huchemshwa yaishe uchungu, kisha hukaushwa. Yakishatumika hayatupwi. Huanikwa, huhifadhiwa, hurudishwa kibuyuni tena na tena, na kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyoijua kazi. Yake yalikuwa saba, na babu yake ndiye aliyeyavusha Mto Athi alipohama kutoka Kitui. Wengine hurithi ng'ombe. Yeye alirithi matunda hayo meusi yaliyonuka moshi na asali ya zamani, na hakuona amepunjwa.

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, pombe za kienyeji zilipigwa marufuku na vibuyu vikaanza kuvunjwa. Mzee akanisubiri pale Salama, kwapani kikapu cha mkonge chenye matunda yale saba. "Wewe uko Nairobi, mtu wa gazeti," aliniambia. "Nani atakuja kwako kutafuta kaluvu? Niwekee hizi. Mahali pakavu, basi." Hakunikataza kuyaosha, kwa sababu hakuwahi kufikiri kuna binadamu anayeweza kuyaosha. Mimi nilikuwa nimehamia mtaa wa heshima na harufu ile ilinitia haya. Siku moja, nikitarajia wageni, niliyatia kwenye beseni nikayasugua kwa brashi na sabuni ya unga, mara tatu, mpaka maji yakatoka meupe. Nilijisifu kwa usafi wangu. Mjinga mkubwa!

Msako ulipopoa, alikuja kuyachukua. Mwanawe wa pekee alikuwa akiposa Kalamba, na baba wa msichana alikuwa ametangaza kwamba ataonja kaluvu ya kikapu kile au hakuna mazungumzo. Mzee alilinusa tunda moja kwa muda mrefu.

"Ulizimwagia nini?"

"Maji kidogo tu, mzee. Zilikuwa na vumbi."

Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko sabuni.

Nilikuwa katika msafara wa kwenda Kalamba, nimevaa tai. Kibuyu kikafunguliwa, baba wa msichana akapiga funda moja, akalizungusha mdomoni, kisha akatema kando ya kiti. "Muthoni," akamwambia mzee, yaani mkwe, "hii umetuletea ni nini? Hata mbuzi haiwezi kunywa hii." Mzee alinigeukia, mara moja tu. Nilikuwa na sentensi moja ya kusema, na mimi ndiye ninayelipwa kutunga sentensi. Nikatazama viatu vyangu. Basi akasema yeye: "Ni mimi. Mikono imezeeka, nimeharibu." Kabla ya mavuno yaliyofuata msichana alikuwa ameolewa kwingine. Mzee alijaribu matunda mapya, akayaacha, akisema hana tena miaka ya kuyafundisha. Hakupika kaluvu tena. Wala mimi sikumwambia ukweli. Kila Krismasi nilimpelekea sukari na majani ya chai.

Juzi, katika karamu moja mjini, mgeni alisimulia juu ya familia moja ya milima ya Italia inayotengeneza divai kutokana na zabibu za kwao, mizabibu waliyoachiwa na mababu, isiyoota vizuri kwingine. Wakubwa wetu wakainua glasi na kusifu urithi wa watu wale. Ni wakubwa haohao waliosema vibuyu vyetu ni uchafu. Nami niliinua glasi yangu pamoja nao. Tumejisugua sana sisi, ndugu zangu, na sioni kama kuna kilichobaki cha kurudishia ladha.

Jumamosi nilikwenda kuliona kaburi. Yule mwana, ambaye sasa ana mvi na ni mzee wa kanisa, aliingia jikoni akaangua kikapu kutoka darini.

"Hii baba alisema ni yako," alisema. "Mimi niliokoka, siwezi kaa nayo. Alisema uiweke mahali pakavu, basi."

"Hakusema lingine?"

"Hapana. Hiyo tu."

Alijua. Alijua tangu siku ile Kalamba, na aliningoja miaka yote hiyo, akipokea sukari yangu kwa mikono miwili.

Kikapu kiko mezani hapa ninapoandika. Nimeyanusa yote saba, moja baada ya jingine, na hayanuki asali wala sabuni. Nililojifunza limenijia likiwa halinifai tena: kosa hukiriwa mbele ya uliyemkosea, angali hai, angali na uwezo wa kukutukana. Mimi nimekiri kwenu, na ninyi hamna la kunisamehe.