Mapengo ya Barua za Baba

Ofisini kwetu Mbaraki mimi ndiye mkali. Makarani huniletea orodha za mizigo zilizojaa nafasi kumi kumi kati ya maneno, eti zipangike vizuri. Nikaandika programu ya kompyuta, kwa lugha ya Java, ya kuwakomesha: ikikuta nafasi nyingi zinazofuatana, huandika moja tu. Naipenda kazi hiyo, sikufichi.

Baba alifia Maskati tukiwa tumekosana, kwa kuwa nilikataa kumfuata huko nikaenda kusomea kompyuta. Sanduku lake lililetwa nyumbani, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, na mama hakuwa na moyo wa kulifungua. Alipolifungua baada ya miaka, alikuta barua ambazo baba hakuzituma, zimeliwa na mchwa. Akazinakili kwenye kompyuta huku zikipukutika mkononi, zikaisha zote. Juzi akanipa faili nimchapishie kitabu cha wajukuu. Nikaona nafasi kochokocho, nikacheka. Mama naye! Nikaipitisha programu juu ya faili lile lile, bila kuweka nakala. Mjinga mimi.

Nikaanza kumsomea mama barua ya mwisho.

"Mwanetu simpi radhi zangu."

Lahaula! Miaka yote hii naswali, nafunga, nalea wanangu, kumbe baba hakuniridhia?

"Hebu rudia," mama alisema. Nikarudia.

"We! Pengo langu liko wapi?" Aliinuka, kahawa ikamwagika. "Baada ya 'simpi' palikuwa na tundu la mchwa. Kila tundu nililiachia nafasi tupu za upana wake. Nani kakwambia uyazibe?"

"Palikuwa na maneno gani, mama?"

"Sijui, mwanangu. Ndiyo maana sikukwambia. Huenda aliandika 'simpi lawama, nampa radhi zangu'. Huenda siyo. Mimi si wa kumtilia marehemu maneno kinywani."

Nilitamani ardhi inimeze. Pengo lile ndilo pekee nililoachiwa na baba, nami nimelifuta kwa mkono wangu.

Nikarudi kwenye mstari ule, nikaanza kubonyeza nafasi. Mama aliweka kidole gumba juu ya kioo cha kompyuta, kama alivyopimia matundu.

"Ongeza," akasema. "Ongeza. Basi, hapo hapo."

Nikaongeza nafasi nyingine moja, kwa tamaa yangu ya radhi. Aliiona, akaniachia.