Marahaba ya Mama Denisi

Kahawa ya Mama Denisi ilikuwa na harufu ya kuinua ng'ombe waliolala. Sisi wa Bonga, kijiji cha Babati, tulikuwa watu wa chai ya maziwa: asubuhi chai, jioni chai, na mgeni akija sufuria inarudi tena jikoni. Lakini mwaka ule, katika likizo ya mwezi wa sita, mahindi yakiwa yameanikwa uani na baridi ikishuka kutoka Mlima Kwaraa kama vile imelipiwa nauli, harufu ile ilivuka ua wa minyaa, ikapita juu ya zizi, ikanikuta nimekaa juu ya gunia nikipukuchua mahindi na Babu Yakobo. Babu ndiye aliyenilea, maana mama yangu alikuwa Arusha akitafuta maisha. Harufu ikifika, Babu anakunja pua, mimi naifungua yangu mpaka mwisho. Nilikuwa darasa la tano, na nilijua kwamba nyuma ya harufu ile yuko mtu ambaye kazi yake ni kutunga hadithi. Jambo hilo lilininyima raha kuliko viroboto.

Walikuwa wametoka Uturuki. Mume alikuwa injinia wa barabara ya Dodoma, mtu mpole, mwekundu kwa vumbi tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Mtoto wao mdogo aliitwa Deniz, jina ambalo kwao, tuliambiwa baadaye, maana yake ni bahari. Bonga nzima ikalisikia Denisi, na Wakatoliki wa mtaa wetu wakafurahi kupata muumini mpya. Mama yake akawa Mama Denisi, na mpaka leo sijawahi kumwita kwa jina lingine. Mchana kutwa alikaa dirishani mbele ya kompyuta. Jirani yetu Mama Emanueli alikwenda kumchungulia anaandika nini, akarudi ameshika kiuno. "Anaandika hadithi!" akatutangazia. "Za watu ambao hawapo! Na kwao wanazinunua!" Kumbe alikuwa tayari na riwaya zilizochapishwa, na michezo yake ilikuwa imechezwa katika majumba makubwa ya Istanbul yenye viti vyekundu na pazia zito kama blanketi la jitu. Sisi tulidhani anatufunga kamba. Mtu mwenye viti vyekundu anatafuta nini Bonga, anashinda akifukuza kuku wa Babu kwenye mchicha wake?

Ugomvi wake na Babu ulianza siku ile ile waliyohamia, na ulianza kwa neno moja. Babu alikuwa amekaa mlangoni akinoa panga. Mama Denisi akaja na sahani ya vitu vitamu vinavyochuruzika asali, tabasamu limejaa uso mzima, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kijiji cha Mutuka: "Marahaba!" Babu akaacha kunoa. Yeye mzee mwenye mvi na fimbo na wajukuu. Yule binti ambaye angeweza kumzaa. "Nani kakuamkia?" Babu akauliza. Mama Denisi, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa ni asante na maji, akacheka vizuri akarudia: "Marahaba! Marahaba!" Mara mbili! Babu akaingia ndani na panga lake. Sahani nilibaki nayo mimi, na iliishaje ni siri yangu na nzi. Baadaye sana, Kiswahili cha yule mama kilipoota miguu, ndipo nikaelewa. Kwao wanasema "merhaba", na ni salamu tu, ya kila mtu kwa kila mtu, kama sisi tunavyosema habari. Nikakimbia kumweleza Babu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatafuna punje ya hindi, akasema, "Watu gani hao wanaoanza na jibu?"

Mama Emanueli akajitwika kazi ya kusuluhisha. Akamfundisha mgeni kusema shikamoo, lakini akasahau kumfundisha inapelekwa kwa nani. Mama Denisi akalipenda neno lile, akawa analigawa kama pipi. Alituamkia sisi watoto! Habari zikaenea, na asubuhi foleni ya watoto ilianzia getini kwake ikaenda kuishia, nasema kweli tupu, karibu na Singida. "Shikamoo," anasema. "Marahaba," tunaitikia kwa sauti nzito, mikono nyuma, matumbo mbele. Emanueli, mtoto wa Mama Emanueli, alizunguka foleni akaamkiwa hadi akaanza kutembea kama diwani. Basi siku moja Mama Denisi akaja uani kwetu, akainama kidogo: "Shikamoo, mzee." Babu akakohoa, akanyoosha mgongo, na mimi kwa macho yangu niliiona marahaba ikimpanda kooni. Mama Denisi akanigeukia: "Shikamoo, Paskalina." Kisha mbuzi akalia, naye akamwamkia mbuzi. Marahaba ya Babu ikarudi tumboni. "Kumbe mimi na mbuzi ni rika moja," akasema, na kuanzia hapo kila asubuhi Mama Denisi alimwamkia Babu na kila asubuhi Babu alitazama mlima. Kwetu shikamoo isiyoitikiwa ni jambo zito, ni sawa na kumwacha mtu mlangoni mvua ikinyesha. Iliniuma, maana nilimpenda huyu na nilimpenda yule.

Ndipo yakaja mambo ya mchezo. Mama Denisi alituketisha watoto kwenye mkeka wake, akatusimulia maisha yake kwa Kiswahili cha kurukaruka. Baba yake alikuwa mwokaji mikate katika mji mdogo wenye theluji, na alitaka binti abaki dukani. Binti alikuwa anaandika michezo kwenye karatasi za kufungia mikate. Wakagombana, binti akatoroka kwenda Istanbul, akalala na njaa, akaandika, akakataliwa, akaandika tena, mpaka siku moja mchezo wake ukapigiwa makofi na picha yake ikatoka gazetini. Akarudi kwao na gazeti lile. Alimkuta baba yake amempa mgongo, anatoa mikate kwenye tanuri. Alisimama mlangoni akitafuta neno la kwanza, baba naye akilitafuta bila kugeuka, na neno halikuja. Binti akarudi kwenye basi. Tangu hapo hawajasemezana. Mlango ule alikuwa ameuingiza kwenye mchezo mpya, na mchezo ukagoma pale pale, hautaki kwisha. Ndiyo maana alishinda dirishani akinywa kahawa na kufukuza kuku. "Nataka kuona kwa macho," akatuambia. Mimi nikawa binti. Emanueli akawa baba, na ndevu za pamba. "Mwisho, kimya," akatuagiza. "Paskalina anasimama. Baba anatazama tanuri. Hakuna neno. Paskalina anaondoka."

Kanisa likatupa ukumbi Jumapili baada ya ibada. Nikamsimulia Babu habari yote ya mwokaji tukiwa tunapukuchua, nikamwomba aje. "Nenda kacheze," akasema. "Mimi nina mahindi." Jamani, mahindi! Sikuwa nataka viatu, sikuwa nataka soda, nilitaka mzee yule akae kwenye benchi la mbele anione.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakaning'inia madirishani kama popo. Benchi la mbele niliangalia, Babu hayupo. Tukacheza. Nilitoroka nyumbani, nikalala na njaa Istanbul, nikapigiwa makofi ya kweli na ya mchezo. Kisha ikaja sehemu ya mlango. Nikasimama. Emanueli akanipa mgongo, mbele yake lile boksi tulilolipaka masizi likawa tanuri. Na hapo, kule nyuma mlangoni, nikaiona kofia ya Babu. Sasa niambie wewe: mtoto gani wa Bonga anaingia nyumbani, anamkuta baba yake, na babu yake anatazama, halafu anyamaze? Miguu ilikuwa ya mchezo, lakini mdomo ulikuwa wa Babu. "Shikamoo, baba," nikasema.

Emanueli akageuka, ndevu zimeshikilia sikio moja tu. Akina mama wakaanza kunung'unika. "We Emanueli!" mama yake akapaza sauti. "Mtoto wa watu kakuamkia!"

"Nimeambiwa nisiitikie!" Emanueli akalia.

Watu wakacheka, kisha wakaacha, kwa sababu shikamoo yangu ilikuwa bado imening'inia hewani na mimi machozi yalikuwa yameanza kunitoka, si ya mchezo. Ndipo sauti ikatoka mlangoni, nzito, ya mtu aliyepukuchua mahindi tangu asubuhi. "Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani."

Kelele zilizofuata ziliinua paa, na viboko wa Ziwa Babati, nasikia, walizama hadi siku ya pili. Mama Denisi alitoka nyuma ya pazia letu la khanga, uso umelowa, akapita katikati ya watu mpaka kwa Babu, akainama. "Shikamoo, mzee." Safari hii hapakuwa na mbuzi.

"Marahaba," Babu akasema. Kisha akauliza, "Yule mwokaji mikate, yu hai?"

"Yu hai."

"Sasa unangoja nini? Yeye shikamoo haijui. Anza na hilo jibu lenu."

Jua lilikuwa halijazama tulipomsikia ng'ambo ya minyaa akiongea na simu. Lugha ile hatukuijua, lakini maneno mawili ya kwanza tuliyajua wote, maana baba kwao pia ni baba. "Merhaba, baba." Babu alijifanya anarekebisha ua. Kisha yule mama akacheka na kulia kwa pamoja. "Kaitikiwa?" Babu akaniuliza. Nikamwambia kaitikiwa. "Haya," akasema, "tukale."

Barabara ilikwisha, wakaondoka, na yule mama akaumaliza mchezo wake. Tangu hapo ameandika riwaya ambazo siwezi kuzisoma, na michezo yake inazunguka miji ambayo siwezi kuitamka. Nywele zake sasa ni nyeupe. Mimi baada ya darasa la saba niliuza mitumba sokoni, nikaolewa, kisha nikaingia masomo ya jioni, nikakaa dawati moja na vijana wanaoniita mama, nikamaliza kidato cha nne kwa kishindo ambacho nadhani Dodoma walikisikia. Kila mwaka nawaandikia watoto wa kanisani mchezo mmoja. Mwanangu wa kwanza anaitwa Denisi, kwa hiyo siku hizi Mama Denisi ni mimi. Pale palipokuwa na vumbi sasa pana lami na bajaji, watoto wananiambia "mambo" kutoka kwenye bodaboda bila kugeuza shingo, na mimi najibu poa, kwa nini nijizeeshe. Kahawa ninayo, lakini hainukii kama ile. Sina huzuni nayo. Kitu kilichokuwa ndani ya harufu ile nilikwisha kukichukua.

Juzi yule mama alinitumia video kwenye simu: mchezo ule, ukumbi ule wa viti vyekundu. Ameniambia mzee wa kwenye mchezo hatimaye anajibu "merhaba", na watu wao wanasikia baba amemsalimu binti yake, basi. Sisi ndio tutakaosikia lingine. Nikaipeleka kwa Babu, ambaye kwa hesabu zangu ana miaka mia mbili na bado anachagua mbegu mwenyewe. Tukatazama. Binti akaingia, mwigizaji mrefu mwenye koti. Baba yake akampa mgongo, akatazama tanuri. "Shikamoo, baba," binti akasema, kwa ulimi wa kigeni lakini vizuri kabisa. Yule mzee akanyamaza, kama alivyoagizwa, na ukumbi mzima ukanyamaza naye.

Babu akashindwa kuvumilia. Akainama karibu na simu, akapaza sauti ili wamsikie huko huko Uturuki.

"Marahaba, mwanangu."