Sindano ya Shingoni

Mama yangu alikuwa mkali, na upande mzima wa Ilongero ulijua. Ukichelewa na kuni, unafokewa. Ukiwahi, unaulizwa kwa nini umeleta mbichi. Nilipoolewa nilifurahi, siwafichi, maana masikio yangu yalikuwa yamechoka. Kwamba shingo ilikuwa inamuuma, hilo nalo tulilijua, kama mtu anavyojua kwamba paa lake linavuja. Shingo, bega, mkono wa kulia mpaka vidoleni. Miaka yote alikuwa akisaga uwele juu ya jiwe, amepiga magoti, uzito wote mabegani. Alichanjwa chale, akaumikwa pembe mpaka mgongo ukajaa alama. Wapi!

Mwaka ule mkono ulikataa hata kuinua kata ya maji. Mimi na mjomba, kaka yake mama, tukampeleka hospitali ya misheni. Enzi zile za Mwingereza sindano tuliipenda kupita kiasi; aliyepewa vidonge alijiona amenyimwa dawa. Lakini sindano tuliyoijua ilikuwa ya tako au ya mkono. Daktari Mzungu akamlaza mama chali, akamwinua kidevu, akaanza kumpapasa koo. Dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, aliyekuwa mtu wa kwetu, akatueleza kwa Kinyaturu: ile dawa ya ganzi wanayong'olea meno itatiwa ndani ya shingo, karibu na mishipa inayobeba maumivu.

"Shingoni?" mjomba akaruka. "Shingoni si mahali pa kuchinjia?"

Mama akamjibu pale pale alipolala, "Kaka, nyamaza. Akinichinja nitakuwa nimepona."

Sindano yenyewe, Mungu wangu! Ndefu! Ikazama yote. Nilifumba macho, na nilipoyafumbua mama alikuwa amekaa. Kope la jicho la kulia lilikuwa limeanguka, jicho lenyewe jekundu, na alipofungua mdomo ikatoka sauti ya kukwaruza ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Jamani, wamemuua mama yangu!" nikapiga kelele.

Mjomba alikwisha kuinua fimbo. Dresa akaingia katikati. "Mzee, tulia tafadhali. Ndivyo inavyokuwa, maana yake dawa imefika mahali pake. Dawa ikiisha, jicho litanyanyuka."

"Na maumivu je?" nikauliza.

Akamgeukia daktari, wakasemezana. "Wengine yanarudi siku hiyo hiyo. Wengine wakipigwa sindano tena na tena yanakaa mbali. Hatuwezi kujua kwa mama. Sasa akalale."

Mjomba hakuridhika hata kidogo. Akaondoka kwenda kutafuta kondoo, maana kwetu jambo likizidi watu, kondoo anachinjwa. Mimi nikamlaza mama, nikaenda kisimani kuchota maji ya uji wake. Niliporudi kitanda kilikuwa kitupu.

Nikatazama chini ya kitanda, mtu mzima mimi! Nikakimbilia chooni, hayupo. Ndipo nikasikia vicheko kutoka kwenye banda la kupikia, pale ndugu wa wagonjwa tulipokuwa tukijipikia wenyewe.

Mama alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe, anasaga uwele wa watu asiowajua. Jicho moja limefumba, jasho linamtiririka upande mmoja wa uso na upande wa pili, ule wa sindano, mkavu kabisa. Na mdomo haukupumzika. "Ninyi wa Mungaa," alikuwa anawaambia wanawake waliomzunguka kwa ile sauti yake mbovu, "uwele hamuusagi, mnaubembeleza!" Wakaangua kicheko. Mimi nilisimama kando, nimeduwaa. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia mama yangu akimtania mtu.

"Mama! Si umeambiwa ulale?"

"Nilale, halafu huu mkono nimwachie nani? Lete na uwele wetu."

Nikamshika ili nimwinue. Mkono ulikuwa na joto. Ule mkono nilikuwa nimeuzoea ukiwa wa baridi, mwaka mzima, hata wakati wa jua kali. Nikauachia, nikakaa chini kando yake, nikawa nazoa unga. Akasaga wetu, akasaga wa jirani, akacheka, akaniuliza kama mume wangu bado anakoroma. Nilimtazama nikawaza, jamani, huyu mwanamke alikuwa wapi siku zote?

Jua lilipoanza kushuka, kope lilianza kunyanyuka. Wale wanawake wakashangilia, "Jicho linafunguka, mama!" Na mimi nikashangilia. Yeye hakushangilia. Aliliacha jiwe, akapeleka mkono shingoni, akatulia kama mtu anayesikiliza iwapo maumivu yanarudi.

"Mwanangu," akaniambia polepole, "wewe shingo yako ikoje?"

"Haina kitu, mama."

"Asubuhi ukiamka?"

"Haina kitu."

"Hata ukijigeuza usingizini?"

"Hata nikijigeuza."

Akanitazama kwa macho yote mawili. "Kumbe wenzangu mnaishi hivi siku zote!"

Hakusema kwa wivu wala kwa kulalamika. Alikuwa anashangaa tu, mwanamke mwenye wajukuu, na mimi nikalia pale pale mbele ya watu.