Binti Aliyetangulia Barazani

Chuoni walimwita Mama Katiba, na hakuchukia. Kwa miaka kumi na tisa alifundisha uraia, akiamini kwamba kusoma siasa bila kuhudhuria vikao ni kujifunza kuogelea kitandani. Alasiri moja aliwapeleka wanafunzi kumi na wawili kwenye baraza la mji, wakatoe maoni kuhusu mpango wa maji.

Karani aliwafungulia daftari la mahudhurio. "Leo mmekuja wengi, mwalimu. Mwezi uliopita alikuja binti yenu mmoja tu."

Mama Katiba hakuwa amemtuma mtu. Alifunua ukurasa wa mwezi huo, akasoma jina. Lilikuwa la mwanafunzi wake aliyekufa kwa kipindupindu mwaka uliotangulia, na mwandiko ulikuwa uleule aliousahihisha mihula mitatu.

"Alisema nini?" aliuliza polepole.

"Aliomba kisima cha bweni kipimwe. Tukamwambia kidole kimoja hakivunji chawa. Akajibu, 'Basi wenzangu watakuja.'"

Kikao kilipoanza, msichana aliyewahi kulala chumba kimoja na marehemu alisimama, akaomba kisima kipimwe. Wenzake wote wakasimama nyuma yake. Baraza likakubali. Wiki iliyofuata maji yalikutwa na vijidudu vya ugonjwa uleule, kisima kikafungwa.

Mama Katiba bado huwapeleka wanafunzi barazani kila muhula. Ila wakishaketi, huwahesabu mara mbili, na hamwambii mtu idadi aliyoipata.