Kidonda cha Siku Kumi na Tisa

Mume wangu Jeconia ni fundi wa viatu pale Laini Saba, kando ya reli, na kama mafundi wote wa rika lake, misumari yake hukaa mdomoni. Huibana saba au nane, kisha huisukuma nje mmoja mmoja kwa ulimi huku mkono ukigonga. Fundi anayechukua msumari kwenye kopo, atakwambia, huyo bado anajifunza.

Mwaka jana saratani ilimshika chini ya ulimi. Alikatwa, akachomwa miale mara thelathini na tatu. Walipomaliza naye walimpa kazi ya kwenda nayo nyumbani, maana ugonjwa huu daktari akimaliza yake, wewe ndipo unaanza yako. Asukutue kwa maji ya chumvi na magadi ya kuokea. Kila asubuhi apange vijiti vya aiskrimu kati ya meno, kimoja juu ya kingine, taya lisije likakaza. Jumapili apapase shingo pande zote mbili na akague kinywa kwa kioo, na akiona kidonda kisichopona kwa wiki mbili, aje mara moja bila kungoja siku ya kliniki. Misumari wakaipiga marufuku.

"Sawa," akasema. Mwongo mkubwa yule. Hata mwezi haukuisha akairudia, ati msumari unamletea mate kidogo, kwa vile miale ilimwachia kinywa kikavu. Nilimgombeza, lakini huolewi na fundi ukategemea akusikie kuhusu kazi yake.

Jumapili moja tukijitayarisha kwenda kanisani alipiga miayo, nikaona. Ndani ya mdomo wa chini, upande wa kushoto, doa jeupe lenye ukingo mwekundu. Nikajifanya natafuta kiatu chini ya kitanda. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nikajiambia, kitapona. Niliogopa kwamba nikikitaja tu, kitakuwa ndicho.

Naye alikuwa amekijua. Alianza kunipa mgongo akishika kioo. Uji akawa anaunywea upande mmoja. Nikimuuliza mbona, anasema umemchoma. Uji ulikuwa umepoa! Basi tukaishi hivyo, watu wawili katika chumba cha futi kumi, kila mmoja akimchunga mwenzake asimwone akiogopa. Mimi nilikuwa nahesabu. Siku ya saba. Siku ya kumi. Ya kumi na nne ilipofika nilimwaga sufuria nzima ya maharagwe, nikasingizia mshikio.

Kuna mama anaitwa Wangoi, wa Kawangware, mwenye ploti zake, ambaye naye aliugua ulimi miaka sita iliyopita. Kikundi chao cha waliougua saratani hukutana Riruta, na kila mgonjwa mpya hupewa mtu aliyetangulia kuugua wa kumpigia simu. Jeconia alipewa Wangoi. Kila Jumatano asubuhi humuuliza mambo matatu tu: kinywa, shingo, uzito. Matamshi yake ni mazito kidogo, lakini masikio hayana shida.

Siku ya kumi na nane, Jumatano, simu ikalia, akaiweka kwenye spika.

"Kinywa iko aje?"

"Iko fiti."

"Shingo?"

"Fiti, mum. Na uzito pia."

"Uzito sikuwa nimeuliza. Leo unaharakisha wapi?"

Mchana nilipompelekea uji kibandani, Wangoi alikuwa amesimama mbele yake, mkoba begani. Jeconia alikuwa na kiatu cha shule gotini na mdomo umejaa misumari.

"Tema," Wangoi akamwambia.

Akaitema kiganjani. Mmoja ulikuwa na damu. Nikaweka kikombe chini.

"Kesho tunaenda kliniki," Wangoi akasema. "Nitawapitia saa moja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha yangu miezi minne, Jeconia, ndio unaskia naongea hivi."

Kesho yake muuguzi Musimbi alimkalisha karibu na dirisha, akavaa glavu, akauvuta ule mdomo kwa kidole.

"Hii imekaa siku ngapi?"

"Kama wiki hivi," Jeconia akajibu.

"Kumi na tisa," nikasema. Mdomo wangu ulitangulia akili.

Akageuka kuniangalia, polepole, kwa sababu shingo yake siku hizi haigeuki haraka.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu ile Jumapili."

"Na ukanyamaza?"

"Na wewe je?"

Nililia mbele ya muuguzi, na sikuona haya. Nilikuwa na hasira naye, na hasira zaidi na nafsi yangu.

Musimbi alimwita daktari, wakaangalia wote wawili, wakapapasa shingo. Wanadhani ni msumari, maana kidonda kimekaa pale pale anapobania. Lakini kudhani si kujua, Musimbi alituambia hivyo waziwazi. Wiki mbili bila msumari hata mmoja, halafu turudi, na kama bado hakijapona watakata kipande wakipime.

Njiani nilimsikia akimeza mara kwa mara, na kila akimeza niliogopa upya.

Asubuhi iliyofuata alisimama mlangoni penye mwanga. Nilidhani atanipa mgongo kama kawaida, lakini alivuta mdomo kwa kidole na kuniita.

"Mama Akoth. Kuja uangalie."

Nilitamani kukimbia. Nilisogea, nikamshika kidevu, nikaangalia kwa muda mrefu.

"Bado iko," nikamwambia.

"Imekua?"

"Iko vile ilikuwa jana."

Akauachia mdomo, akanitazama.

"Basi kesho uangalie tena," akasema.